Alisukuma feni, akaandika "injini inazunguka": uzoefu wangu na wakaguzi wa mashine chakavu

Niseme mapema kwamba kijana waliyemtuma kukagua alifika kwa wakati, alivaa buti za kazi, na picha alizopiga ni nzuri kuliko zangu. Naanza na hayo kwa sababu nikishaingia ndani ya habari yenyewe sitapata tena nafasi ya kumsifu.

Nilikuwa natafuta skida, ile trekta ya kuburuta magogo yenye kiungo katikati na winchi mgongoni. Nikaipata moja kuukuu, haiwaki, imeegeshwa nje misimu mingi ya mvua. Muuzaji ana wimbo wa wauzaji wote: iliingia hapa ikitembea yenyewe, shida ni betri tu. Mashine ya namna hiyo ukiikadiria vibaya umenunua tani kadhaa za kutu, na lori la kuzibeba utalilipia wewe. Ndiyo maana nikalipia huduma ya ukaguzi. Sikuhitaji mtu wa kuniambia kwamba haiwaki, hilo hata mbuzi aliyelala kivulini mwake alikuwa analijua. Nilitaka kuambiwa kwa nini iliegeshwa. Bei yote imo humo. Kuna mashine iliyosimama kwa sababu mwenye nayo aliishiwa kazi, na kuna iliyosimama kwa sababu kranki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, imekatika, na zote mbili kwenye tangazo zimeandikwa "haiwaki".

Basi kijana akazunguka na simu yake akipiga picha. Akafika mbele, akaweka kiganja kwenye panga la feni, akasukuma. Feni ikaenda kidogo. Akatingisha kichwa kwa kuridhika, akaandika.

Nikachungulia alichoandika: injini inazunguka.

Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ni feni."

"Mzee, feni imefungwa kwenye injini."

Imefungwa kwa mkanda! Na mkanda wenyewe ulikuwa umelegea hadi unanesa. Feni hiyo ungeweza kuizungusha hata kama ndani ya bloku wamemimina zege. Nikamweleza kwa upole, na nasisitiza kwa upole maana baadaye imeandikwa vingine, kwamba injini inajaribiwa kwa spana ndefu kwenye bolti ya puli ya kranki, na unaizungusha taratibu mzunguko mzima. Hii ilikuwa dizeli ya zamani ya GM, ile ya mapigo mawili ya mfululizo wa 53, kwa hiyo mzunguko mmoja unamaliza habari ya kila silinda. Ingekuwa ya mapigo manne ningetaka miwili. Robo mzunguko si jibu, na feni si jibu kabisa.

Akanigeukia mbele ya muuzaji: "Mzee, mwenye cheti hapa ni mimi. Wewe kazi yako ni kulipa."

Muuzaji akacheka. Hicho kicheko bado ninacho masikioni.

Nilichukua spana yangu mwenyewe, nikaongeza bomba la kunipa nguvu, na muuzaji hakukataa kwa kuwa alikuwa anaamini hadithi yake ya betri. Kranki ilikwenda kidogo ikagoma. Nikairudisha nyuma, nikaileta tena, ikagoma palepale. Hapo mtu wa mashine anaanza kuuliza maswali, na swali la kwanza linaanzia juu. Bomba la moshi la hiyo skida limesimama wima, halina kifuniko, hata kopo la kuwekewa juu halina. Mvua inashuka humo hadi kwenye vali za kutolea moshi, na injini ikizimwa, silinda ambayo vali zake zimebaki wazi ndiyo inayopokea maji. Misimu mingi ya mvua, silinda ileile.

Injini hizo zina neema moja ambayo injini nyingi hazina. Pembeni mwa bloku kuna vifuniko vya chumba cha hewa. Unalegeza bolti, unatoa kifuniko, na kupitia matundu ya slivu, lile bomba ambalo pistoni inapanda na kushuka ndani yake, unaona pistoni na ringi zake bila kugusa kichwa cha silinda. Ni kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye spana na tochi. Nikamwomba kijana wetu wa cheti afanye. Akasema kufungua chochote hakumo kwenye kifurushi nilicholipia. Nikaomba ruhusa kwa muuzaji, nikafungua mwenyewe, na maji mekundu ya kutu yakamwagika juu ya zile buti nzuri. Sikucheka, lakini sikuhuzunika pia. Tukamulika ndani: slivu imeliwa na kutu, ringi zimeshikana na pistoni. Hakuna betri duniani itakayowasha kitu hicho.

Mengine yalikwenda kwa mtindo uleule. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akaona weusi, akaandika "nzuri". Maji ni mazito kuliko oili, yanakaa chini kabisa, kwa hiyo unalegeza nati ya kumwagia kidogo tu na kungoja uone kinachotangulia. Hakufanya. Gia boksi huwezi kuihukumu mashine ikiwa imezimwa, hilo nakubali, ila unaweza kutoa filta yake, ukaikata na kutazama kama kuna vipande vya chuma au vya shaba. Kifurushi, mzee. Rodi za haidroliki za blade ya mbele zilikuwa nje na zimetoboka kutu, yaani sili zake zitachanika mara tu zitakaporudi ndani. Hilo alilipiga picha, tena picha maridadi, na chini yake hakuandika neno.

Lakini nisimdhulumu. Kwenye kiungo cha katikati alifanya kazi ya kiume. Aliingiza jeki chini ya kiungo, akainua kidogo, akanionyesha jinsi pini inavyocheza ndani ya bushi, yaani pete ya chuma inayoishikilia, akapima kabisa. Halafu kwenye fremu ya winchi aliona kipande kimoja kimepakwa rangi mpya wakati mashine nzima imepauka, akakwangua kwa kisu, na chini yake kukatokea mshono wa kuchomelea uliopasuka tena. Kwa kweli hapo mimi ningepita. Kwa hayo mawili nilisema moyoni nitawapa nyota tatu, labda na nusu, kijana bado mdogo, atajifunza adabu.

Kisha ripoti ikaja.

Ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene: injini inazunguka. Baada ya yale maji! Baada ya kusimama pale na buti zimelowa! Na mwisho wa ripoti wameongeza mstari kwamba "mteja aliingilia zoezi la ukaguzi". Thamani waliikokotoa hivi: bei ya skida ya aina hiyo inayofanya kazi, wakaigawa kwa mbili kwa kuwa haiwaki. Nusu. Hivi kutowaka kuna bei moja?

Mimi nilikuwa nimeshaihesabu upande wa pili, kutoka chini kwenda juu. Uzito wake kwa bei ya chuma chakavu, hiyo ndiyo sakafu, haiwezi kushuka hapo. Juu yake matairi, maana yalikuwa ya msitu kweli, yenye alama ya LS-2, ya matairi ya kuburutia magogo, na nyuzi za chuma, mawili bado yana meno, na matairi hayo yakiwa mapya yanaweza kuzidi thamani ya mashine kuukuu nzima. Winchi inazunguka. Difu ya nyuma nililegeza nati yake, ikatoa oili safi isiyo na maji. Injini sifuri. Silinda za haidroliki sifuri. Kisha unatoa gharama ya lori na ya kuchonga bushi mpya za kiungo. Jibu langu na nusu yao havikukaribiana hata kidogo.

Nikarudi kwa muuzaji na hesabu yangu. Akanisikiliza hadi mwisho, akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akanisomea ripoti yangu mwenyewe. "Wataalamu wako wanasema injini inazunguka." Walimtumia nakala! Ukaguzi nimelipa mimi, na aliyenufaika nao ni yeye. Sasa hashuki hata kidogo, na akija mnunuzi mwingine anamwonyesha karatasi yenye muhuri.

Nimewapigia wale wakaguzi. Dada wa kwenye simu alikuwa mpole, sina ugomvi naye. Akaenda kuuliza, akarudi na jibu: ripoti haibadilishwi ikishatolewa, ila kwa kuwa mimi ni mteja wao, naweza kulipia ukaguzi wa pili kwa punguzo, na kwa kifurushi kikubwa watafungua vifuniko.

Zile nyota za pini na mshono nazichukua. Nimeacha moja kwa sababu mfumo haukubali kutuma bila nyota.