Kisanduku cha kunusa wavamizi: miezi minne kwenye nyumba ya wageni Lamu

Nyumba ninayoitunzia mtandao iko Mkomani, vyumba tisa, kuta za mawe nene mpaka kila orofa ina ruta yake. Mwezi wa sita nilifunga kisanduku kinachogundua uvamizi wa mtandao kwa kujifunza kwa mashine, yaani kinajifunza chenyewe kutokana na data. Jina la kampuni nalihifadhi. Suricata, programu ya kugundua uvamizi niliyoizoea, hulinganisha yanayopita na kanuni za mashambulizi yanayojulikana. Hiki hutazama nani anazungumza na nani, saa ngapi, kwa poti (mlango wa mawasiliano) gani, data kiasi gani. Siku 14 za mwanzo hukaa kimya kikijifunza mazoea ya nyumba.

Hapo ndipo nilipokosea. Mwezi wa sita pepo za kusi zinavuma, wageni wawili watatu, basi kikaamini hii ni nyumba ya watu wanaolala mapema. Mfungo Sita ukaingia. Maulidi! Watu wamelala hadi darini, kila mmoja anawarushia jamaa zake video za kasida usiku kucha. Arifa zililia mpaka nikazima simu. Bibi mwenye nyumba akaniuliza, "Mwanangu, hicho kidude chako mbona kinawaogopa wageni wangu?"

Walipoondoka nikautenga mtandao wa wageni na wa nyumba, nikakifundisha upya nikichanganya siku za Maulidi na za kawaida. Arifa zikashuka hadi moja mbili kwa wiki.

Kisha usiku mmoja, saa tisa, ikaja moja ya maana. Kamera ya mlangoni, ambayo siku zote huzungumza na mashine yake ya kurekodi tu, inabisha poti 23, mlango wa zamani wa kuingilia vifaa kwa mbali, kwenye anwani za nje, mamia kwa mamia. Tabia ya Mirai hiyo, programu iliyoteka kamera za namna hii mwaka 2016 kwa kujaribu nywila za kiwandani. Nikaizima kamera na kuiwasha, ikatulia. Adhuhuri imeanza tena. Mirai hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, ukizima inafutika, lakini nywila ilikuwa ileile ya kiwandani, ikarudi kwa mlango uleule. Nimeibadili, na kamera sasa haitoki nje kabisa. Suricata haikukohoa, ila kosa langu: kanuni sikuwa nimezihuisha tangu mwaka jana.

Kinachoniudhi ni kwamba hakijielezi. Kilinipa "alama 91", basi, nikahangaika saa nzima kutafuta kwa nini. Suricata angalau hutaja kanuni iliyovunjwa. Leseni inaisha Januari. Nitailipia, na Suricata haiondoki.