Burudani ya nyumbani: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ndiyo maana vifaa vingi vya burudani hutamba sebuleni wiki mbili, kisha huishia juu ya kabati. Orodha hii haijali mbwembwe za kwenye boksi. Nimeipanga kwa swali moja tu: hamu ya mwanzo ikiisha, kitu hiki kitaguswa tena?

Kwa kipimo hicho, michezo ya mezani inaongoza, tena kwa mbali. Haitaki umeme, haitaki intaneti, na pakiti moja ya karata 52 ina michezo zaidi ya utakayowahi kujifunza. Ubao wa nyumba 64 unafaa kwa sataranji na pia kwa drafti ya kete 12 kila upande. Drafti ya kimataifa inataka nyumba 100 na kete 20, kwa hiyo huo ni ubao mwingine. Kwa michezo ya kisasa ya boksi, soma idadi ya wachezaji. Ikiwa nyumbani mko wawili, tafuta uliotengenezwa kwa ajili ya watu wawili hasa. Ule ulioandikwa "2 hadi 6" mara nyingi hupoa mkiwa wachache.

Cha pili ni kinanda cha umeme. Piano kamili ina vitufe 88, lakini 61 vinamtosha anayeanza. Usichoweza kukiruka ni vitufe vinavyohisi nguvu ya kidole. Ukiwa dukani, bonyeza kitufe kimoja taratibu, kisha kipige kwa nguvu. Sauti ikibaki ileile, kiache hapo hapo. Angalia pia tundu la hedifoni, maana bila hilo utapiga tu pale majirani watakaporuhusu. Tangazo la "sauti 400" lisikubabaishe, utazoea tatu. Nunua na stendi siku hiyohiyo: kinanda kinachotolewa kwenye boksi kila mara hakipigwi. Nafasi ikiwa finyu, ukulele ni mbadala mzuri. Nyuzi zake 4 za nailoni haziumizi vidole kama za chuma za gitaa.

Projekta nimeiweka ya tatu, na ingepanda kama wauzaji wangekuwa wakweli. Tarakimu kubwa ya lumeni, yaani kiasi cha mwanga, kwenye boksi haina maana kama hakuna neno ANSI kando yake; kipimo hicho huchukua wastani wa mwanga katika sehemu tisa za picha. Lumeni 300 za ANSI zinaridhisha chumba kikiwa giza totoro, ila taa zikiwaka picha inapauka. Mtego mwingine ni maneno "inapokea 1080p". Kupokea si kuonyesha: kifaa kinaweza kuipokea picha hiyo ya Full HD kisha kikaibana kwenye pikseli zake (nukta za picha) 854 × 480. Uliza ubora wake halisi, na kama unataka Full HD, jibu liwe 1920 × 1080. Pima na chumba. Projekta yenye uwiano wa 1.2 (umbali kutoka ukutani ukigawanywa kwa upana wa picha) inahitaji mita 2.4 kutoka ukutani ili itoe picha ya upana wa mita 2. Halafu iwashe na usikilize feni, kwa sababu utakaa nayo filamu nzima.

Spika ya Bluetooth ni ununuzi salama lakini haileti jipya. Unasikiliza muziki uleule kwa sauti nzuri zaidi. Linganisha wati za RMS, yaani nguvu ambayo spika huitoa mfululizo, siyo zile za kilele, ambazo ni za mpigo mfupi tu.

Miwani ya VR, ile inayokuzungushia ulimwengu wa kompyuta pande zote, ni ya mwisho. Inashangaza kweli, siwezi kukataa, ila inataka sakafu iliyo wazi, humfungia mtu mmoja wakati wengine wanamtazama akipunga mikono, na wengi huwatia kichefuchefu. Kama bado unaitamani, azima ya mtu uivae nusu saa kabla ya kutoa pesa yako. Ukivaa miwani ya macho, ijaribu ukiwa nayo.