Duka la spea Kariakoo kuhamia klaudi: uzoefu wangu na AWS ya Cape Town

Wakuu, naona wengi wanauliza kama biashara ya kawaida tu, sio benki wala kampuni ya simu, ina haja ya kuhamia klaudi, yaani kukodi seva za kampuni kubwa kupitia intaneti badala ya kuwa na yako dukani, ngoja niwape ya kwetu. Tunauza spea za magari kwa jumla, stoo na duka kubwa viko Kariakoo, matawi Dodoma na Mwanza, na mtu wa IT ni mimi peke yangu, printa ikikwama mimi, bosi akisahau paswedi mimi. Seva yetu ilikuwa inalala chumba kimoja na maboksi ya shokapu, feni moja, vumbi la kutosha, umeme ukikatika UPS (betri ya dharura) inalia mpaka mtu akawashe jenereta.

Mwaka 2023 bosi akaita washauri, jina la kampuni naliacha, wakaja na mpango wa kuhamisha kila kitu kama kilivyo, seva ya dukani ina kora 16 (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) basi na kule tukodi ya kora 16. Bosi kuona bei ya mwezi akavua miwani. Nikaomba tupime kwanza. Windows yenyewe inakuja na Performance Monitor, hulipii chochote, nikaiacha inarekodi mwezi mzima mpaka zile siku za kufunga hesabu za stoo maana hapo ndo seva inahema. Ikaonekana prosesa muda mwingi haina kazi, kinachojaa ni RAM na diski, kwa hiyo tukahitaji mashine ndogo mno kuliko ile ya kwenye makaratasi yao na bei ikaporomoka hata faili moja halijahamishwa. Aisee pimeni kwanza, mshauri asiyepima anakuuzia hofu.

Kilichofuata ni kuchagua data ikae wapi. AWS, huduma ya klaudi ya Amazon, wana kikotoo cha bei mtandaoni, hakihitaji hata akaunti, weka mashine ileile mara Cape Town mara Ireland uone mwenyewe. Kituo cha Cape Town kilifunguliwa 2020, kwenye ramani ndo cha karibu yetu kuliko vya Ulaya, ila bei iko juu, na pa kuangalia sana ni data inayotoka: GB 100 za kwanza kila mwezi ni bure, zikiisha Cape Town wanachaji kama senti 15 za dola kwa GB wakati Ireland ni 9. Kuingiza data hulipii. Kwa hiyo bakapu, yaani nakala za akiba, ambazo zinaingia tu na kutoka ni kwa nadra, tukazitupa Ireland, na mashine ya wahasibu wanayoishika kutwa tukaiweka Cape Town. Ukifungua akaunti mpya usishangae huioni Cape Town kwenye orodha, haiji imewashwa, unaiwasha mwenyewe kwenye mipangilio ya akaunti. Usiku mashine inajizima kwa ratiba hivyo haihesabu masaa, ila diski inaendelea kulipiwa hata mashine ikiwa imelala, wengi hawalijui hili halafu wanalalamika wameibiwa.

Bili inakuja kwa dola, na hapa ndo bajeti za Bongo zinapovunjika. Mwanzoni mwa 2023 tulipokuwa tunapiga mahesabu dola ilikuwa 2,300 na ushee, 2024 ikapita 2,600, matumizi hayajabadilika hata kidogo lakini kwa shilingi unalipa zaidi. Nilishaweka nafasi ya ziada ya asilimia 15 kwenye bajeti, bosi aliniona muoga wakati ule. Weka na taarifa ya bili, ile inayokutumia emeili ukifika kiasi ulichopanga, ni dakika chache tu kuiweka.

Sasa tuje kwenye kaunta. Washauri walitaka na mauzo yahamie juu, nikakataa katakata. Kaunta yetu asubuhi ni vurugu, fundi anataka breki pedi za Noah, mteja wa Mbeya gari lake linaondoka saa nne na mzigo haujafungwa, pale huwezi kumwambia mtu subiri intaneti irudi. Kwa hiyo databesi ya mauzo imebaki dukani kwenye kompyuta mpya ya kawaida, inauza bila intaneti, na laini ikiwepo ndo inatuma nakala klaudi. Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikakatika huko kusini, nchi nzima intaneti ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa, na sisi data ya wahasibu iko Cape Town, upande uleule. Jumatatu wahasibu walishinda wanapanga mafaili ya makaratasi, lakini kaunta iliuza kama kawaida, na laini ilipotulia nakala zikapanda zenyewe. Tangu siku hiyo hakuna anayeniuliza tena kwa nini sikuhamisha mauzo.

Sheria nayo msiiruke. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na kama una majina na namba za simu za wateja halafu unazipeleka seva za nje ya nchi kuna masharti yake, sio unapakia tu. Sisi tulipunguza kwanza, vitu kama nakala za vitambulisho vya wateja wa mkopo vimebaki kabatini Kariakoo.

Kwa ujumla huduma yenyewe nawapa 4 kati ya 5, wahasibu wanafanya kazi hata wakiwa nyumbani na chumba cha seva kimerudi kuwa stoo ya shokapu. Ila mtu asikudanganye kwamba bakapu ikishapanda umemaliza, kila baada ya muda nashusha moja na kuifungua kwenye kompyuta nyingine nione kama mauzo ya jana yamo.

Kilichobaki ni Mwanza, laini yao haieleweki, leo inakimbia kesho haipo, sitaki kuwaunganisha mpaka wapate faiba. Mwenye uzoefu wa faiba maeneo ya Buzuruga aniambie anatumia ya nani na mvua zikinyesha inakuwaje.