Mfumo wa Ajira Portal kwa Mwanakemia Anayetafuta Kazi ya Chuo Kikuu

Kwa mhitimu wa kemia anayetaka kufundisha na kufanya utafiti katika chuo kikuu cha umma nchini Tanzania, Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ni huduma ya kuanzia, tena haina malipo. Akaunti hufunguliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa, na wasifu ukishajazwa hutumika kwa maombi mengine yatakayofuata, jambo linalopunguza usumbufu mwingi. Ninachokisifu zaidi ni uwazi wa vigezo: nafasi ya Mkufunzi Msaidizi (ngazi ya kuanzia ya ufundishaji chuoni) kwa kawaida hudai wastani usiopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza, hivyo mwenye 3.6 hapotezi muda wake.

Upungufu uko katika matangazo yenyewe. Mengi hutaja “kemia” bila kubainisha kama idara inahitaji mtu wa kemia ogania, kemia changanuzi au kemia ya mazingira, wala hayasemi lolote kuhusu vifaa vya maabara, fedha za utafiti au nafasi ya kusomea uzamivu. Kwa mtafiti, hayo yana uzito kuliko mshahara (nao pia hutajwa kwa ngazi tu). Ni busara kuwauliza wanaidara kabla ya usaili.