Seti ya sensa na mrija wa presha ya ekzosi, Ford 7.3 Power Stroke: mrija ndio wenye thamani

Seti hii ni ya pikapu za F-250 na F-350 zenye injini ya dizeli ya lita 7.3. Ndani kuna sensa ya waya tatu na mrija wa chuma unaoileta presha kutoka manifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi wa injini. Sensa ni nzuri, lakini mara nyingi si yenye kosa. Masizi huganda ndani ya mrija mwembamba, sensa ikasoma presha ya uongo, kodi ya hitilafu P0471 (ya sensa ya presha ya ekzosi) ikatokea na gari likapoteza nguvu.

Kabla ya kulipa, washa swichi bila kuwasha injini. Kwenye skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), presha ya ekzosi ilingane na ya hewa ya nje. Zikitofautiana sana, fungua sensa kwa spana ya milimita 27, uisafishe kwa breki klina (dawa ya kusafishia breki) pekee. Ukichokonoa kwa waya unaiua. Mrija ndio wa kuchokonoa: pitisha waya wa chuma hadi utokeze upande wa pili, kisha puliza kwa kompresa. Tundu la kwenye manifoldi nalo huziba, na wengi hulisahau.

Nati ya chini ya mrija, upande wa manifoldi, ndiyo shida. Kutu huishika, mrija hujikunja ukilazimisha. Ilowekwe mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha. Mrija ukitoboka hapo, seti hii inastahili bei yake. Usipotoboka, safisha tu.