Nimetafuta Kilimia kwenye nyota bilioni moja na kitu kwa laptopu ya giga nne: uzoefu wangu na STILTS

Ni kama miezi mitatu sasa natumia STILTS na kila nikimtajia mtu aniuliza hio ni app gani, iko Play Store? Haiko. Ni programu ya terminali ya kutafuta na kuchuja orodha kubwa za nyota, haina picha haina kitufe cha kubonyeza, waandika mstari, wapiga enta, wangoja. Ameiandika Mark Taylor wa Chuo Kikuu cha Bristol kule Uingereza, ni ya bure, yataka Java tu kwenye mashine, na ina dada yake aitwae TOPCAT mwenye madirisha na grafu kwa wanaotaka kuona kwa macho. Dada nilimjaribu nikamuacha, si ubaya wake, ni laptopu yangu, ramu giga nne na feni yalia kama jenereta ya arusi, nikifungua dirisha la pili yote yaganda.

Yalianza baraza, mwezi wa kumi na mbili. Ami yangu ni mvuvi wa zamani hapa Mji wa Kale, siku hizi goti lamsumbua haendi tena baharini, basi jioni ni kahawa chungu na hadithi. Usiku ule stima zilikua zimepotea mtaa mzima kwa hivo mbingu ilionekana vizuri, Kilimia, kile kishada cha nyota, kiko juu upande wa kaskazini, nikamuuliza, ami, ziko ngapi zile? Akasema, "Sita mwanangu. Nikiwa kijana kama wewe nilikua nahesabu saba." Nikamwambia ngoja, mimi ntaenda kukuhesabia zote.

Sasa mahali pa kuhesabia ndo penyewe. Setilaiti ya Gaia ya Wazungu wa Ulaya ilirushwa Desemba 2013, ikawa yapima nyota mpaka Januari 2025 ikasimamisha kazi, na orodha yake ya tatu ilotoka 13 Juni 2022 ina nyota na vitu vyengine vya mbinguni 1,811,709,771. Soma tena hio namba. Zamani kidogo, 1998, jeshi la wanamaji la Marekani lilitoa katalogi ya nyota milioni 526 na ilikua ikija kwa CD kumi na moja, waiweka kwenye rafu kama seti ya sahani. Hii ya Gaia hata ukitaka kuishusha ni mamia ya gigabaiti, kwa bando ya nani? Hapa kwetu pwani tuna historia yetu pia kwenye mambo haya, watu wengi hawajui kua 12 Desemba 1970 setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru sababu ilikua sikukuu yetu ya uhuru wa Kenya, ya kwanza duniani kufanya kazi ya kutazama eksirei za mbinguni peke yake, na orodha yake ya mwisho ilikua na vitu 339. Kutoka 339 mpaka bilioni moja na nukta nane, na mtu yuko hai aliyeona zote mbili.

Basi uzuri wa STILTS ni kua hushushi katalogi. Wapeleka swali, seva ya kule ndo yatafuta, wewe warudishiwa jibu peke yake. Komandi yenyewe ni tapquery, wampa anwani ya seva na swali, na swali laandikwa kwa lugha yafanana na SQL, kama ushawahi kufanya kazi na databezi hata ya duka la simu utaielewa: nipe nyota zote zilizo ndani ya duara la digrii moja kuzunguka pahali fulani. Jibu la maelfu ya nyota lilikua dogo kuliko video moja ya WhatsApp. Bando ya shilingi hamsini ilitosha na ikabaki, wallahi.

Lakini usidhani nilipata mara ya kwanza. Mara ya kwanza nilitoka mtupu, na kosa ni langu. Vitabu vyaandika Kilimia kiko saa 3 dakika 47, mimi nikapiga hesabu nikaandika 3.78, kumbe seva yataka digrii si saa, na saa moja ya mbinguni ni digrii kumi na tano. Yatakiwa 56.75. Nilikua nagonga milango Mtwapa namtafuta mtu wa Tudor. Nyota zilikuja, nyingi, zote halali, ila si zile. Usiku mbili nzima nachuja nachuja sipati kitu, nikaanza kulaumu programu, mpaka nikasoma tena mwongozo nikaona kumbe mna fomyula hmsToDegrees ya kazi hio hio, waiandikia saa yageuza yenyewe. Mwongozo, nisiwafiche, ni mrefu kama foleni ya Likoni siku ya Idi. Kila kitu kimo, shida ni kujua kiko wapi.

Kosa la pili lilikua tamu zaidi. Nimerekebisha digrii, nimepeleka swali, nikahesabu mistari kwa omode=count, ikanambia rows: 2000. Elfu mbili kamili. Sikushtuka, nikafurahi hata. Nikapanua duara hadi digrii mbili, eneo mara nne, ikarudi rows: 2000. Hapo ndo nikajua napigwa chenga. Kumbe ukiuliza kwa njia ya papo kwa papo ile seva ya Gaia yakukatia mistari elfu mbili basi, zilizobaki wala haikuletei. Dawa ni kuandika sync=false, swali laingia foleni, lafanywa polepole, na jibu laja kamili. Mtu mwengine angeweza kuandika ripoti nzima kwa zile elfu mbili, hii ndo sababu nasema ukiona namba nzuri ya duara hivo kwenye kompyuta, ishuku.

Na hio njia ya foleni ndo ilonifanya niipende kabisa. Siku moja swali kubwa laendelea, stima zikaenda. Laptopu betri yake ni dakika ishirini, ruta ikazima papo hapo, komandi ikaanguka na maandishi mekundu. Nikasema basi, tuanze upya kesho. Lakini juu kwenye terminali ilikua ishachapisha anwani ya kazi, ile swali lilipewa namba yake kule kwa seva kama risiti ya fundi cherehani. Nikaipiga picha kwa simu kabla betri haijafa. Stima zikarudi saa nne usiku, nikaandika tapresume na ile anwani, faili ikaja mzima mzima, seva ilikua imeendelea na kazi yake huku sisi tukipepea mbu gizani. Ni programu chache zenye adabu hio.

Sasa Kilimia chenyewe. Duara la mbinguni laleta nyota zote zilizo upande ule, za karibu na za mbali zimechanganyika, kama ukitazama Kongowea kutoka daraja la Nyali waona watu wote lakini hujui nani kaja na nani. Vitu viwili vyatenganisha. Cha kwanza ni paralaksi, yaani vile nyota yaonekana kusogea kidogo dunia ikizunguka jua, na ndugu wa Kilimia zote zina kama 7.4 za elfu za sekunde ya tao (digrii moja ni sekunde hizo 3600), yaani umbali wa kama miaka ya nuru 440. Kwa hio niliandika hivi, tpipe ndo komandi ya kuchuja:

stilts tpipe in=nyota.fits cmd='select "parallax>6.9 && parallax<7.8"' out=karibu.fits

Maelfu yakaanguka. Cha pili ni mwendo. Nyota za Kilimia zilizaliwa pamoja na zatembea pamoja kama msafara wa majahazi kwenye kusi, kila mwaka mashariki kama 20 na kusini kama 45 za zile elfu za sekunde, na nyota ya mgeni yaweza kua umbali ule ule lakini mwendo wake ni wake. Nikachuja na hapo. Zilobaki zilikua mia kadhaa, na mwendo wao wote umejibana pahali pamoja kama dengu kwenye kiganja. Nilikaa naitazama ile safu ya namba, pmra (mwendo wa mashariki) na pmdec (wa kaskazini, kwa hio wa kusini ni toa), 19 na toa 45, 20 na toa 45, 20 na toa 46, chini chini chini, saa saba usiku, nasikia adhana ya alfajiri bado mbali, na nilicheka peke yangu.

Malalamiko ninayo. Alama za kunukuu ndani ya alama za kunukuu zitakutoa jasho, na usijaribu kujitumia komandi kwa simu alafu uikopi, simu yangu ilizipinda zile alama zikawa za mapambo na terminali ikakataa kata kata, nusu saa natazama mstari ule ule naona uko sawa. Na Java ukifungua faili kubwa yala ramu, ingawa kuna -disk ya kutumia diski badala yake na kwa kuchuja tu mstari kwa mstari haina shida hata kwangu. Siku bando imekwisha huwa natumia katalogi ya Tycho-2 niloishusha mara moja, nyota milioni mbili na nusu, haifiki giga moja, komandi ni zile zile kwa hivo hakuna kujifunza upya. Nyota nne kwa tano nampa, ya tano naizuia sababu ya zile alama, najua si kosa lake.

Nikampelekea ami majibu. Nikamwambia si sita wala saba, ni mia kadhaa. Hakushangaa sana, akasema alikua ajua ziko nyingi, macho ndo machache. Alafu akaniuliza, "Na Suheli je? Hebu nitafutie Suheli." Suheli ndo ile nyota kubwa ya kusini ambayo wao wakienda nayo, vitabu vya kizungu vyaiita Canopus. Nikaona hii rahisi, nikaandika digrii 96 na toa 52.7, nikapeleka Gaia. Nyota zikaja, ndogo ndogo, hafifu, Suheli haimo. Nikapanua duara. Haimo. Kumbe ni kali mno kwa Gaia, nyota angavu kupita kiasi zalimaliza jicho lake, na kadhaa za juu kabisa wameziacha nje. Ami alicheka mpaka kahawa ikamwagika. "Bilioni yote hio na Suheli hawana!"

Ikabidi nirudi kwa katalogi ndogo ya Hipparcos ya 1997, nyota 118,218 tu, na humo imo, namba 30438, umbali zaidi kidogo ya miaka ya nuru 300. Nikauchapisha ule mstari mmoja kwa saiba kwa shilingi kumi nikampelekea. Ami akaivaa miwani akausoma, hakutaka ile namba. Akaomba kalamu, akaandika pembeni yake Suheli kwa herufi za Kiarabu, akaibandika kwenye ukuta chini ya kalenda ya maji kujaa na kupwa.