Koleo la kung'olea vichaka: msizi mchanga ndiyo, lantana kongwe hapana

Chombo hiki huuzwa kwa majina mengi. Extractigator na Uprooter hutoka Amerika Kaskazini, Tree Popper hutoka Afrika Kusini. Umbo halitofautiani sana: mpini mrefu wa chuma, taya zenye meno, na bamba la chini linaloegemea ardhi. Ukishusha mpini, taya hubana shina na kulinyanyua pamoja na mizizi. Mpini wa sentimita 130 wenye mkono mfupi wa sentimita 10 huzidisha nguvu mara 13, kwa hiyo anayeulalia kwa uzito wa kilo 40 anavuta shina kwa takriban kilo 500.

Kung'oa, kinang'oa. Msimamizi wa msitu aangalie ardhi inabaki vipi.

Kazi inayokifaa hasa ni miti vamizi michanga yenye shina moja, unene wa sentimita 1 hadi 4. Pale Amani, Usambara Mashariki nchini Tanzania, mfano wake ni msizi (Maesopsis eminii), ambao hondohondo hula matunda yake na kutawanya mbegu hadi ndani ya msitu wa asili. Mche wa namna hiyo ukikatwa kwa panga unaweza kuchipua tena. Ukitoka na mzizi, umekwisha.

Subiri mvua iloweshe udongo, kisha uache siku moja maji yashuke. Udongo mkavu wa mfinyanzi hukatiza mzizi, na matope humeza bamba. Kwenye ardhi laini weka kipande cha ubao chini ya bamba, sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita 2.5. Ondoa majani makavu kwenye kitako cha mche, yaweke pembeni, halafu bana shina chini kabisa, sentimita 2 hadi 5 kutoka ardhini. Shusha mpini polepole. Utasikia mizizi ya pembeni ikikatika mmoja mmoja. Hapo usikurupuke, maana pigo la ghafla ndilo linalovunja mzizi mkuu. Ukigoma, achia, zunguka robo duara, bana upya. Magome yakianza kuchubuka, meno yatateleza, nayo yakichubuka pande zote hakuna tena pa kushika.

Mche ukitoka, kung'uta udongo urudi shimoni, kanyaga, kisha rudisha majani makavu juu yake. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo yenye uzito. Udongo uliofukuliwa na kupigwa jua huamsha mbegu za magugu zilizolala humo, na ulipong'oa mche mmoja yataota hamsini. Mche wenyewe upachikwe kwenye panda ya mti, mizizi ikining'inia hewani. Ukiachwa chini msimu wa mvua unaweza kushika tena.

Kwa lantana kongwe, kichaka vamizi, koleo linapoteza muda. Mashina ni mengi, yamesokotana, na taya haziwezi kuyashika kwa pamoja. Ukilivuta moja, linakatika na kisiki kinachipua. Hapo sururu ni bora. Punguza matawi kwa panga, acha vishina vya kushikia, kisha kata mzizi mkuu sentimita 3 hadi 5 chini ya uso wa udongo, chini ya pale machipukizi yanapotokea, na ugeuze kisiki mizizi juu. Mathenge, mti vamizi (Prosopis juliflora), ni mbaya zaidi: machipukizi yake hukaa kwenye shingo ya mzizi, kwa hiyo ukikatika juu ya hapo umeupogoa tu. Kwenye kingo za mito usitumie koleo kabisa, kwani mizizi hiyo ndiyo imeshika ukingo.

Fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza, ila akague mambo mawili. Bomba la mpini liwe na ukuta wa milimita 3, kwa sababu jembamba hupinda pale linapoungana na taya. Bolti ya egemeo iwe ya chuma kigumu, alama 8.8 kichwani, ya kawaida hupinda, na taya zikikaa upande haziumi tena.

Joan na Eileen Bradley, waliorudisha uoto wa asili Sydney kuanzia miaka ya 1960, waliweka kanuni tatu: anza palipo pazima uelekee palipoharibika, sumbua udongo kidogo iwezekanavyo, na kasi ya kung'oa iamuliwe na kasi ya mimea ya asili kurudi. Koleo hili hujaribu sana kanuni ya tatu. Ni rahisi mno kusafisha eneo kubwa kwa siku moja, na vijana wa kazi hupenda kuona shehena. Kwa hiyo mtu mmoja atangulie na utepe, afunge kila mche wa asili kabla koleo halijafika, na eneo la siku lisizidi lile mtakaloweza kulirudia wiki 6 hadi 8 baada ya mvua, kung'oa kwa vidole miche ya magugu ingali na majani machache.

Kwa kikundi chenye msitu wenye miche vamizi, koleo moja kwa kila watu wanne linatosha. Mahali palipojaa lantana tupu, fedha hiyo inunue sururu na glovu za ngozi.